Mwenye Kumimina na Mwenye Kunawa

Sabuni iliingia katika orodha ya emoji mwaka 2018, kwenye toleo lile lile lililoleta mbu na kijidudu cha maradhi. Tarehe 1 Agosti mwaka huo serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikatangaza mlipuko wa Ebola katika eneo la Beni, mashariki mwa nchi, ulioanzia Mangina. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Kwa karibu miaka miwili watu wa miji ya Beni na Butembo walinawa mikono kila walipoingia: kanisani, shuleni, ofisini, mbele ya duka la vitenge. Sabuni ikawa na picha yake, tendo lenyewe halina mpaka leo. Kupeana mkono, ambako kulikuwa na emoji tangu 2016, ndiko kulikokatazwa.

Emoji ya kunawa ninayoitetea ina watu wawili. Nyumbani Butembo, kabla bugali na sombe havijaguswa, mtoto au kijana wa nyumba hupita na jagi na beseni, taulo begani. Huanza na mgeni, kisha wakubwa. Humimina kidogo kidogo, na anayenawa haligusi jagi. Mgeni akijiendea jikoni kunawa peke yake, mwenye nyumba anaweza kuona amedharauliwa. Ipeleke desturi hii Lamu au Unguja, hakuna atakayeshangaa. Birika tu ndilo litakalobadilika umbo.

Maandiko yanaijua picha hii kuliko simu zetu. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3, wafalme watatu wamekwama safarini na majeshi yao, hawana maji, wanatafuta nabii. Mtumishi mmoja anamtaja Elisha, na hasemi lolote juu ya miujiza: anasema tu kwamba ndiye aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Inatosha. Jeshi zima lina kiu, na anayetafutwa anajulikana kwa maji! Katika hadithi alizokusanya Bukhari, Mughira bin Shu'ba anammiminia Mtume maji ya udhu wakiwa safarini. Udhu ni wa mtu binafsi, lakini wasimulizi hawakumwacha nje mmiminaji. Na katika Misa za Jimbo la Butembo-Beni, kama kwa Wakatoliki wengine, mtumishi wa altare humimina maji juu ya vidole vya padri kabla ya mageuzo.

Japani, ambako emoji zilianzia, ni tofauti. Anayeingia hekalu la Shinto hushika kata mwenyewe: huosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kinywa. Hahitaji mtu wa pili. Sidai kwamba hekalu ndilo lililoamua, ila ukiitazama orodha ya emoji utamkuta anayeoga yuko peke yake ndani ya beseni lake, na bomba la maji linajaza glasi isiyo na mwenyewe.

Kikwazo kikubwa zaidi cha emoji hii ni Pilato, mtawala aliyemhukumu Yesu. Kituo cha kwanza cha Njia ya Msalaba mara nyingi huchorwa na kijana akimimina maji na mtawala akinawa: ni picha yangu ile ile, imegeuka kuwa mtu anayejitoa katika damu ya mwenzake. Mtu wa Butembo akiomba mkopo akajibiwa kwa emoji hii, ataelewa upesi kwamba amenyimwa. Mimi sioni kasoro hapo. Ile emoji ya viganja viwili vilivyokutana, Wajapani huitumia kuomba na kushukuru, wengine husali nayo, na bado inatumwa kila siku bila ugomvi.

Kunawa kwa wakati wa Ebola hakukuwa kwa nyumbani wala kwa Pilato. Ndoo ya plastiki yenye robine ilisimama mlangoni, pembeni yake mtu ameshika kipimajoto, na maji yalinuka klorini. Daktari Semmelweis aliwanawisha madaktari wa Vienna kwa chokaa yenye klorini mwaka 1847, nao wakachukia, kwa kuwa kuambiwa unawe ni kuambiwa u mchafu. Beni ilikuwa na sababu nzito zaidi ya kununa. Watu walikuwa wakichinjwa vijijini tangu Oktoba 2014, na magari ya misaada hayakuja kwa wingi namna ile mpaka ugonjwa ulipokuja. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Na bado watu wale wale waliligeuza tendo hili kuwa lao. Desemba 26, 2018, tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya akaapishwa Januari 24 bila kura zao. Desemba 30, siku wenzao nchini walipokuwa wakipiga kura, wakazi wa Beni walijipangia uchaguzi wao wa mfano, na waliopanga foleni walinawa mikono kwanza. Pilato alinawa ili atoke katika uamuzi. Hawa walinawa ili waingie.

Shirika la Unicode hupokea mapendekezo ya mtu yeyote, lakini humtaka aoneshe jinsi neno lake linavyotafutwa mtandaoni, na kipimo walichozoea kulinganishia ni neno la tembo. (Tembo wa hifadhi ya Virunga hawako mbali na Beni, lakini watu wanaonawishwa kabla ya kula ni wengi kuwazidi.) Kunawa mikono huenda kukapita kipimo hicho. Kumimina hakutapita, kwa sababu mtoto mwenye jagi hatafutwi na mtu. Wataniambia nipange sabuni, matone na mkono mfululizo. Nikifanya hivyo nimesema usafi. Aliyemhudumia mwenzake sijamsema. Kuhusu rangi za ngozi za watu wawili, hesabu hiyo ilishafanywa kwa emoji ya kupeana mkono.

Mchoro wenyewe usiwe na nyuso. Mikono miwili iliyokingwa, mkono wa tatu ukiinamisha jagi la plastiki la kawaida, na beseni chini. Sabuni isiwekwe, wanayo tayari.