Gwaride la Moto la 1913

Usiku wa Jumapili, tarehe 9 Februari 1913, mianga ilipita juu ya Toronto, Kanada, ikiwa imejipanga kama askari: miwili, mitatu, minne, kundi baada ya kundi, njia ileile, mwendo uleule. Haikuanguka. Ilisafiri sambamba na ardhi, ikatokomea kusini-mashariki. Kimondo cha kawaida humalizika kabla hujamwita mwenzako atazame. Gwaride hili lilichukua dakika kadhaa. Ilikuwa nini?

Nilianza na jibu jepesi: vyombo vya binadamu. Halikunifikisha mbali. Mianga ilionekana hadi Bermuda, ng'ambo ya bahari, ndani ya dakika chache, na wakati ule hapakuwa na chombo cha angani chenye kasi hata ya karibu na hiyo. Nani basi aliunganisha taarifa za huku na kule?

Alikuwa profesa mmoja wa falaki. Aliwaita mashahidi kupitia magazeti, barua zikamiminika, akachapisha ripoti mwaka uleule. Ripoti ni tamu, na hapo ndipo shaka inapoanza. Saa hazilingani. Huyu alihesabu mianga michache, yule mamia. Wengine walisikia ngurumo, wengine kimya. Mtu aliyeshtuliwa usiku aaminiwe kiasi gani?

Miaka ya baadaye mtaalamu mwingine alidai kuwa kilipita kimondo kikubwa kimoja tu, na vimondo vya kawaida vya usiku ule vikaungwa nacho na kumbukumbu za watu. Hoja nzito. Magazeti yangeweza kabisa kuwaambukiza mashahidi hadithi moja. Je, kuna aliyeona bila kusoma magazeti ya Toronto?

Yupo, baharini. Baadaye ziliibuliwa taarifa za meli zilizokuwa Atlantiki usiku uleule, hadi kusini mwa Ikweta, karibu na Brazili. Ukiunganisha vituo hivyo kwa mstari, unapata njia moja yenye zaidi ya kilomita 9,000. Mimi nawaamini mabaharia: afisa wa zamu kazi yake ni kuandika saa na upande. Lakini ni kitu gani husafiri hivyo?

Maelezo yanayopendwa ni jiwe lililonaswa na mvuto wa dunia, likawa linaizunguka. Kwa hesabu yanakubalika. Jiwe linalotoka moja kwa moja anga za mbali huingia kwa walau kilomita 11 kwa sekunde. Linaloizunguka dunia hushuka kwa takriban kilomita 8, likiparuza hewa kwa mlalo na kumeguka vipande vinavyofuatana. Setilaiti chakavu zinaporudi leo hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, kimondo cha Mbozi, kule Tanzania, tunaweza kukigusa. Hiki kimetuachia karatasi tu. Baada ya meli ya mwisho kukiona, vipande vyake vilizama Atlantiki, au vingine viliponyoka vikarudi angani?