Nauli ya Kurudi: Fahari ya Ukoo na Usalama wa Kijana Aliye Ugenini

Tarehe 14 Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasifanye safari zisizo za lazima katika sehemu ya pwani ya Kenya. Eneo lenyewe lilitajwa kwa vipimo: kisiwa cha Mombasa, pamoja na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia hori ya Mtwapa kaskazini hadi Tiwi kusini. Tiwi ilikuwemo, Diani haikuwemo. Kati ya sehemu hizo mbili upo mdomo wa mto Mwachema, karibu na msikiti wa kale wa Kongo, na maji yakipwa watu huvuka kwa miguu. Aliyekunja suruali na kuvuka alikuwa, kwa hesabu ya London, ametoka hatarini na kuingia salama.

Kichekesho hicho kina funzo lake. Wapo vijana wenye mtu wa kuwachorea mpaka. Mgeni anayekuja pwani kuhubiri au kujitolea ana serikali inayomfuatilia na jumuiya iliyomtuma. Kijana wa Tiwi anayekwenda Riyadh au Khartoum ana nini? Ana ukoo unaojivunia safari yake. Ninadai kwamba fahari hiyo, isipowekewa utaratibu, humpunguzia usalama badala ya kumwongezea.

Fahari ya kumtoa mwana kwa ajili ya dini si ngeni pwani hii. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga hakuishi. Alipoiandikia kamati ya CMS, jumuiya ya kimisionari iliyomtuma, aliligeuza kaburi hilo kuwa ishara kwamba kazi imeanza. Mwaka 1873 Rebecca Wakefield, mke wa mmisionari wa Kimethodisti, alifariki Ribe, na kaka yake Robert Brewin akatunga kitabu cha kumbukumbu zake. Sikejeli huzuni yao. Lakini jamaa aliyekwisha kumsifu marehemu kwa kufa kwake hawezi tena kuuliza ni nani aliyempeleka penye homa, na kwa maandalizi gani.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, lililopata usajili Kenya mwaka 1991, limeirithi fahari hiyo na kuizungushia kanuni. Mvulana huweza kutumwa akiwa na miaka 18, naye hutumikia miaka miwili. Msichana hutumikia miezi 18. Wapo Wakenya miongoni mwao, waliotumwa nchi nyingine. Hutembea wawili wawili, na juu yao yupo kiongozi wa misheni mwenye wajibu wa kujua kila mmoja analala wapi. Ndiyo maana Ebola ilipoenea mwaka 2014, kanisa liliweza kuwaondoa wamisionari 274 kutoka Sierra Leone na Liberia. Hata simu iliwekewa kanuni. Kwa miaka mingi kijana alizungumza na nyumbani kwa sauti Krismasi na Siku ya Mama tu, mengine yakawa ya barua. Tangu Februari 2019 huruhusiwa kupiga kila wiki. Naliona badiliko hilo kuwa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mama husikia katika sauti yale ambayo barua imeyaficha.

Hata hivyo kanuni hizo hazijamaliza tatizo. Kijana anayerudi kabla ya muda, awe ameugua mwili au moyo, hukuta waumini waliomuaga kwa shangwe wakimtazama kwa maswali. Wapo wanaovumilia wasiyopaswa kuvumilia ili tu muda utimie.

Miaka miwili ndiyo pia mkataba wa kawaida wa kazi za ndani Uarabuni. Binti huagwa kwa dua, jamaa huchanga, na mara nyingine deni huingiwa kwa jina lake. Akifika, mwajiri huichukua pasipoti. Akipiga simu kusema ananyimwa chakula, huambiwa avumilie, miaka miwili si mingi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliripoti kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia ndani ya takriban miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Wanafunzi wa dini nao wana yao: vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Wakenya waliokuwa wakisoma huko walikwama katikati ya mapigano kabla ya kupata njia ya kutoka.

Nitaambiwa kwamba kwa maskini fahari ya ukoo ndiyo bima pekee. Ni kweli, lakini tuangalie bima hiyo hulipia nini. Upo mchango wa nauli ya kwenda. Upo mchango wa kurudisha maiti. Wa kumrudisha kijana akiwa hai, mkataba ukiwa katikati na mikono mitupu, ni wa kubahatisha, kwani kuuitisha ni kukiri mbele ya watu kwamba safari iliyoombewa dua imeharibika.

Nauli hiyo basi ichangwe siku ileile ya kuaga, wakati kila mtu bado anajivuna na mkono haujawa mzito. Isishikwe na ajenti, wala na baba aliyeingia deni. Wadigo, waliozoea kurithishana upande wa mama, walimpa mjomba madaraka makubwa juu ya watoto wa dada yake. Ashike yeye, na kwa sharti moja: simu ikija, atume kwanza, sababu ataiuliza kijana akishatua.