Lishe Isiyo na Nyama katika Hospitali za Waadventista Wasabato
Kanisa la Waadventista Wasabato lilifungua taasisi yake ya kwanza ya tiba mwaka 1866 huko Battle Creek, Michigan, Marekani. Daktari John Harvey Kellogg, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1876, aliagiza wagonjwa wapewe mlo usio na nyama, mazoezi na mapumziko. Msingi wake ni kuhudumia mwili, akili na roho kwa pamoja.

Maharage, dengu na karanga humpatia mgonjwa protini. Hata hivyo, asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama anahitaji nyongeza ya vitamini B12, kwani upungufu wake hupunguza damu na kudhuru neva. Mgonjwa wa figo amwone mtaalamu wa lishe kabla ya kubadili mlo, na asiache dawa alizoandikiwa na daktari.