Maji ya Moto ya Unzen

Visiwa vya Japani vimejaa milima ya moto, na penye milima ya moto hutokea mara nyingi chemchemi za maji ya moto. Tangu zamani Wajapani wanapenda kukaa kando ya maji hayo. Wenye kuumwa viungo, wenye magonjwa ya ngozi, wakulima waliochoka baada ya mavuno, wote walikuwa wakipanda milimani na kukaa huko siku nyingi, wakioga kila siku. Ndivyo zilivyoanza nyumba nyingi za wageni ambazo leo watu wa miji mikubwa wanazitafuta, ili wapate utulivu mbali na makelele. Katika makala hii twataka kueleza habari za mahali pamoja tu, panapoitwa Unzen. Tumepachagua kwa sababu wanadamu wameyatumia maji ya hapo kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Unzen iko katika kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini-magharibi wa Japani, katika rasi ya Shimabara, mashariki ya mji wa Nagasaki. Ni kijiji kidogo juu ya mlima, kadiri ya mita 700 juu ya bahari. Hewa yake ni ya baridi, na misitu imekizunguka pande zote. Mapokeo ya hapo yasema kwamba mtawa mmoja wa Kibudha, jina lake Gyoki, alijenga hekalu mahali hapo mwaka wa 701.

Mgeni anayefika Unzen hupokewa kwanza na harufu: harufu ya kiberiti, kama ya yai viza. Kisha ataona moshi mweupe ukipanda kutoka ardhini. Si moshi, bali ni mvuke. Huko ardhi haioti majani. Ni mawe meupe na udongo wa kijivu, na katika nyufa zake maji yanachemka na kunguruma mchana na usiku. Watu huchemsha mayai kwa mvuke huo na kuwauzia wageni.

Mlangoni pa nyumba ya wageni, mgeni anavua viatu. Akikaa katika nyumba ya desturi ya zamani, ambayo Wajapani huiita ryokan, hatakuta kitanda chumbani. Sakafu imetandikwa mikeka minene iitwayo tatami, na jioni watumishi huja kutandika godoro juu yake. Mgeni anapewa kanzu nyepesi ya pamba, naye anaivaa kwendea kuoga, kula na kutembea. Kuoga nako kuna sheria zake. Wanaume huoga upande wao na wanawake upande wao. Kabla ya kuingia katika birika kubwa, kila mtu anajisugua kwa sabuni na kujisuuza vizuri, kwa kuwa maji yale ni ya wote, na hakuna ruhusa ya kuyachafua. Halafu anaingia polepole, anakaa, maji yanamfika mabegani, naye ananyamaza. Maji ya Unzen ni makali kidogo kama maji ya ndimu, na mara nyingi rangi yake ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Usiku, kijiji kikiisha kulala, sauti inayobaki ni ile ya mvuke unaotoka ardhini.

Lakini tuangalie jina walilopewa mabwawa yale yanayochemka. Wajapani wanayaita Jigoku, maana yake Jahanamu, kwani Wabudha nao hufundisha kwamba wenye dhambi watateswa kwa moto. Kila bwawa lina jina lake. Moja laitwa Jahanamu ya Kilio Kikubwa. Jingine laitwa Jahanamu ya Seishichi, na wenyeji husimulia kwamba Seishichi alikuwa Mkristu aliyeuawa, na kwamba bwawa hilo lilianza kuchemka wakati wa kifo chake. Jina hilo halikuzuka bure, kama tutakavyoona.

Mtakatifu Fransisko Saveri alifika Japani mwaka wa 1549. Baada ya miaka 31, yaani mwaka wa 1580, mtawala wa rasi ya Shimabara, Arima Harunobu, alibatizwa, na mwaka uleule seminari ilifunguliwa katika nchi yake. Watu wengi sana walimfuata katika dini mpya. Tusifiche ukweli: wakati ule Wakristu walikuwa na nguvu, nao walibomoa mahekalu mengi ya Wabudha. Jambo hilo halikuwa haki, wala halikusahauliwa upesi.

Mwaka wa 1614 serikali ya Japani iliikataza dini ya Kikristu katika nchi nzima na kuwafukuza mapadri. Miaka miwili baadaye rasi ya Shimabara ilipewa mtawala mwingine, Matsukura Shigemasa. Mwanzoni huyu hakuwasumbua Wakristu sana. Lakini wakubwa wake walipomsukuma, alitaka kuonyesha utii wake, akatafuta njia ya kuwavunja moyo. Njia aliyoiona ni maji ya Unzen.

Tarehe 21 mwezi wa pili mwaka wa 1627, wana watatu wa Mkristu mmoja aitwaye Paulo Uchibori walitoswa baharini mbele ya macho ya baba yao, na maji ya bahari wakati huo ni baridi sana. Wiki moja baadaye, tarehe 28, Paulo mwenyewe na wenzake 15 walipandishwa mlimani wakauawa ndani ya maji yanayochemka. Mwezi wa tano kundi la pili likafuata njia ileile. Hawa hawakuwa mapadri. Walikuwa wakristu wa kawaida, watu wenye nyumba na watoto.

Baadaye gavana wa Nagasaki, Takenaka Uneme, naye alianza kutumia Unzen. Yeye hakutaka kuua, alitaka wakane. Mwishoni mwa mwaka wa 1631 alipeleka huko watawa watano, pamoja na mama mmoja na binti yake. Mmoja wa watawa hao alikuwa Mjapani, padri Antonio Ishida. Mwingine alikuwa padri Bartolomé Gutiérrez, mzaliwa wa Meksiko. Walikaa huko zaidi ya mwezi mmoja. Kila mmoja alifungwa katika kibanda kando ya chemchemi. Walipewa chakula kidogo. Askari waliwamwagia maji ya moto mwilini, wakaacha, wakarudia siku nyingine. Tena mganga aliwekwa hapo kutibu vidonda vyao, ili wasife mapema.

Hapo tusimame kidogo tufikiri. Kibanda cha kulala, chakula, mtu wa kutunza wagonjwa, maji ya moto: vyote vinavyohitajiwa na nyumba ya wageni vilikuwapo Unzen katika siku zile. Kitu kimoja tu kiligeuzwa, yaani nia ya mwenye nyumba. Na kwa nia hiyo moja, mahali pa kuponya pakawa mahali pa kuumiza, na mganga akawa mwenzi wa watesaji. Hata mmoja katika wale saba hakukana. Watawa watano walirudishwa Nagasaki, na tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka wa 1632 walichomwa moto pamoja na mwenzao mwingine.

Matsukura hakuuona mwisho wa mambo hayo. Alikufa ghafula mwaka wa 1630 huko Obama, mahali penye chemchemi za maji ya moto kando ya bahari, chini ya mlima uleule wa Unzen. Mwanawe alitawala baada yake kwa kodi nzito na ukali. Mwishoni mwa mwaka wa 1637 wakulima wa Shimabara na Amakusa, wengi wao Wakristu, waliasi. Walijifungia katika ngome ya Hara, na mwaka wa 1638 karibu wote waliuawa. Yule mwana wa Matsukura naye akahukumiwa na wakubwa wake, akakatwa kichwa. Rasi ilibaki karibu tupu, ikabidi watu waletwe kutoka sehemu nyingine kuja kulima mashamba.

Mwaka wa 1653 mtu mmoja aitwaye Kato Zenzaemon alifungua nyumba ya kuogea Unzen. Tangu mateso ya wale saba miaka kama 20 tu ilikuwa imepita. Basi wagonjwa na wachovu walianza kupanda mlima ule wakitafuta nafuu, na imani ya Kristu ilikuwa imejificha katika nyumba chache za pwani na visiwani. Ilikaa hivyo mpaka mwaka wa 1873, serikali ilipoondoa mbao za amri zilizoikataza.

Mwishoni mwa karne ya 19, Wazungu waliokaa Shanghai na Hong Kong walianza kuja Unzen wakati wa joto, kwa sababu ya hewa yake. Hoteli zikajengwa. Mwaka wa 1927, vita vilipozuka katika mji wa Nanjing huko China, mwandishi Pearl Buck, binti wa wamisionari wa Kiprotestanti, alikimbia na jamaa yake akapata kimbilio Unzen, katika nyumba ndogo msituni. Tangu Paulo Uchibori apandishwe mlima ule ilikuwa imetimia miaka 300 kamili. Mwaka wa 1934 Unzen iliwekwa kati ya hifadhi tatu za kwanza za taifa la Japani, na mwaka uliofuata ilifunguliwa hoteli kubwa ya mbao na mawe, Unzen Kanko Hotel, iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa nchi za mbali. Hata leo inapokea watu.

Lakini mtu asidhani kwamba utulivu wa mahali hapo ni wa hakika. Moto unaochemsha maji ya kuoga ndio unaopasua mlima. Mwaka wa 1792 kilima kimoja juu ya mji wa Shimabara kiliporomoka baharini, na mawimbi yakaua. Waliokufa walikuwa karibu 15,000. Tarehe 3 mwezi wa sita mwaka wa 1991 wingu la moto lilishuka upande wa mashariki wa mlima likaua watu 43. Kati yao walikuwa Maurice na Katia Krafft, Wafaransa wenye elimu ya milima ya moto, ambao zamani walifika hata kwetu Kongo kuuchunguza Nyiragongo. Watu wa Goma wanaelewa vema jambo hili: mlima unaorutubisha shamba ndio huohuo unaoweza kuliteketeza.

Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2008, huko Nagasaki, Kanisa liliwatangaza mashahidi 188 wa Japani kuwa Wenye heri, na Paulo Uchibori na wenzake wamo. Antonio Ishida na Bartolomé Gutiérrez walikuwa wametangazwa tangu mwaka wa 1867. Katikati ya mabwawa ya Unzen, kando ya njia wanayopita wageni, umesimamishwa msalaba wa kuwakumbuka, na kila mwaka Wakristu hupanda kusali hapo.

Basi mgeni wa Unzen, akitoka na kanzu yake ya pamba kwenda kunyosha miguu jioni, ataukuta msalaba huo ndani ya mvuke. Pengine si Mkristu. Wajapani walio Wakristu ni wachache sana. Lakini ataweza kusoma ni kitu gani kilifanyika hapo, kisha arudi kuoga. Sisi twaona ni vema hivyo. Wenyeji wangeweza kuficha habari hizo ili wageni wao walale vizuri zaidi, nao hawakuzificha. Sisi nasi twakaa mahali penye mambo yake ya zamani, mengine ya huzuni. Tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuyaandike, na watoto wetu wayajue.