Studebaker: Ndugu Watano wa South Bend na Ahadi Yao

Februari 16, 1852, Henry na Clement Studebaker walifungua karakana ya uhunzi mjini South Bend, katika jimbo la Indiana, Marekani. Mtaji wao ulikuwa dola 68. Uhunzi waliurithi kwa baba yao, aliyekuwa fundi wa kuunda mikokoteni ya farasi, na mwanzoni kazi ilikuwa ya kawaida tu: kupiga kwato chuma na kukarabati magurudumu. Katika karakana hiyo ndogo ilizaliwa kampuni iliyodumu miaka 114 ikiunda vyombo vya kusafiria, kwanza vya kukokotwa na wanyama, kisha vya umeme, kisha vya petroli. Waunda mikokoteni wa Marekani walikuwa wengi mno, lakini waliofanikiwa kuingia katika zama za injini na kudumu humo ni nadra. Studebaker ilikuwa kubwa kuliko wote.

Ndugu hao walikuwa watano. Wa tatu katika habari hii, John, ndiye aliyeleta fedha. Mwaka 1853 aliunda mkokoteni kwa mikono yake, akautoa kuwa nauli ya kujiunga na msafara uliokuwa ukielekea California, ambako watu walikimbilia dhahabu. Alipofika Placerville hakuchimba. Alikaa miaka mitano akiwatengenezea wachimbaji matoroli, hata wakambandika jina la Johnny wa Matoroli. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000 na kununua hisa za Henry. Henry alikuwa muumini wa dhehebu linalokataza vita, na kampuni ilikuwa imeanza kuuzia jeshi mikokoteni; dhamiri yake haikumruhusu kuendelea. Naliheshimu sana tendo hilo. Miaka michache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, oda za jeshi zikamiminika, na waliobaki wakatajirika.

Familia hiyo iliuza jina lake pamoja na bidhaa. Mkulima aliyenunua mkokoteni wa Studebaker aliamini kwamba mhimili hautamkatikia njiani, na kwamba ukikatika kuna mtu wa kumwendea. Gari la kwanza la umeme lilitoka mwaka 1902, na la pili lilinunuliwa na Thomas Edison mwenyewe. Petroli ilifuata mwaka 1904. Hata hivyo injini hazikuwa fani ya wahunzi hao, kwa hiyo walishirikiana na wengine, kwanza Garford, kisha kampuni ya E-M-F ya Detroit ambayo magari yake yaliuzwa na mawakala wa Studebaker.

Magari ya E-M-F yaliharibika ovyo. Wenye nayo waliligeuza jina hilo kuwa kejeli, wakisema herufi zake tatu, kwa Kiingereza, maana yake ni kutengeneza gari kila asubuhi. John, aliyekuwa sasa mzee, hakukubali jina la familia litukanwe. Kampuni ililipa mafundi wawafuate wateja wenye malalamiko mmoja mmoja na kuwabadilishia vipuri vibovu, na gharama yake ilifika dola milioni moja. Mwaka 1911 E-M-F ilimezwa na Studebaker Corporation ikaundwa. Kwa maoni yangu, kama kuna tukio moja linaloeleza kwa nini watu walilipenda jina hilo kwa vizazi vitatu, ni lile la fundi kubisha hodi kwa mteja aliyekasirika, akiwa na kipuri kipya mkononi.

John alifariki mwaka 1917, na mikokoteni ya farasi ikakoma mwaka 1920. Uongozi ulikuwa tayari mikononi mwa Albert Erskine, mtu wa hesabu na wa kujiamini kupita kiasi. Aliinunua Pierce-Arrow, kampuni ya magari ya matajiri, mwaka 1928, mwaka mmoja tu kabla ya soko la hisa kuanguka. Wakati wenzake wakibana matumizi, yeye aliendelea kuwagawia wenye hisa gawio ambalo biashara haikuwa imelipata. Machi 1933 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na Julai mosi mwaka huo Erskine alijiua.

Waliookoa jahazi ni Paul Hoffman na Harold Vance. Hoffman, ambaye baadaye alisimamia Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya, alikuwa muuzaji wa magari kwa asili. Vance alikuwa mtu wa kiwandani. Mwaka 1939 walitoa Champion, gari dogo na jepesi kwa viwango vya Marekani, lenye injini ya silinda sita isiyokunywa mafuta. Hilo ndilo gari lililowarudisha watu wa kipato cha kawaida kwa Studebaker. Madereva waliokuwa na gia ya ziada ya mwendo mrefu waliona akiba yake kwenye kituo cha petroli. Tangu mwaka 1936 kulikuwa pia na kifaa ambacho wamiliki wanakisimulia mpaka leo: ukisimama mlimani, ukikanyaga klachi na breki, unaweza kuondoa mguu kwenye breki na gari lisirudi nyuma hata kidogo. Breki huachia pale tu unapoiinua klachi. Aliyewahi kuondoa gari la gia mlimani, na lori limemganda nyuma, anajua thamani ya jambo hilo.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kiwanda cha South Bend kiliunda injini za ndege za kivita za B-17 na malori ya US6. Malori hayo yalikaribia 200,000, na sehemu kubwa yake ilipelekwa Umoja wa Kisovieti kwa mkopo wa vita. Yalipita kwenye tope na theluji, yalivuta mizinga, na baadhi yalibebeshwa mitambo ya roketi za Katyusha. Askari wengi wa Kirusi walilifahamu neno Studebaker kabla ya neno lolote lingine la Kimarekani.

Baada ya vita kampuni iliwatangulia wakubwa wa Detroit kwa kutoa umbo jipya kabisa kwa ajili ya mwaka 1947. Dirisha la nyuma lilikuwa pana na la kuzunguka, hata wachekeshaji wakauliza kama gari linakwenda au linarudi. Mwaka 1950 pua ya gari ilichongoka kama ya ndege, na mauzo yakafika kilele, zaidi ya magari 300,000. Kampuni ilijitangaza kwa picha za baba na mwanawe wakifanya kazi pamoja kiwandani, na hayo hayakuwa maneno matupu: familia nyingi za South Bend zilikuwa na watu wa vizazi viwili au vitatu mle ndani. Mishahara iliwazidi wa Detroit, na chama chao cha wafanyakazi kilijulikana kwa kuelewana na wakubwa.

Baba na mwana waliopigwa picha walikuwa Wazungu. Wafanyakazi weusi, wengi wao waliohama kutoka majimbo ya kusini, waliwekwa zaidi kwenye idara ya kusubu chuma, penye joto, moshi na kazi nzito kuliko zote. Nje ya kiwanda walikatazwa kununua nyumba katika mitaa mizuri, na benki hazikuwakopesha. Mwaka 1950 kundi la wafanyakazi hao walianzisha ushirika walioupa jina Better Homes of South Bend. Wakishirikiana na wakili J. Chester Allen, walivumilia vizingiti vya mabenki na wajenzi mpaka nyumba 22 zikasimama katika mtaa wa North Elmer. Historia nyingi za Studebaker hulipita jambo hili. Mimi naliweka hapa kwa sababu nyumba hizo zilijengwa kwa mishahara ya kiwanda hicho, na zina haki ya kutajwa sambamba na gari lolote lililotoka humo.

Gari zuri kuliko yote lilitoka mwaka 1953. Lilikuwa la milango miwili, refu na la chini, lisilo na mapambo ya kumetameta. Lilisanifiwa na Robert Bourke katika ofisi ya Raymond Loewy, na hadi leo wasanifu huliweka katika orodha ya magari bora ya Marekani. Uzuri huo uliigharimu kampuni. Ilikuwa imejiandaa kuuza saluni za milango minne, kumbe wateja walitaka lile la milango miwili. Chesisi yake ilinepa, na kwenye mstari wa kuunganishia bati za mbele zikakataa kulingana. Walioagiza mapema walisubiri miezi. Waliolipata waligundua baada ya miaka michache kwamba madigadi ya mbele yanahifadhi tope na maji, na kutu ilianza kula juu ya taa na kushuka.

Mwaka huohuo Ford na General Motors zilianza kupigana kwa bei, na kampuni ndogo ndizo zilizoumia. Mwaka 1954 kampuni ya magari ya Packard iliinunua Studebaker, na baada ya kutia saini ikagundua kwamba kiwanda cha South Bend kilihitaji kuuza magari 282,000 kwa mwaka ili kurudisha gharama zake tu. Kilikuwa hakifikii hata nusu yake. Packard yenyewe ilikufa mwaka 1958. Ahueni ilikuja na Lark ya mwaka 1959, ambayo kwa kweli ilikuwa gari la zamani lililokatwa pua na mkia. Watu walilipenda na zaidi ya 130,000 yaliuzwa. Mwaka uliofuata wakubwa wa Detroit nao walileta magari madogo, na ahueni ikaisha.

Rais mpya wa kampuni, Sherwood Egbert, alijaribu kufufua jina kwa gari la Avanti. Timu ya Loewy ilijifungia katika nyumba ya kukodi Palm Springs, ikatoka na umbo ambalo bado linaonekana jipya. Bodi ilikuwa ya faibaglasi na breki za mbele za diski. Lakini bodi zilichelewa kufika kutoka Ohio, na zilizofika hazikuwa sawa. Kuna wamiliki waliopoteza kioo cha nyuma wakiwa katika mwendo kasi. Avanti zilizoundwa na Studebaker hazikufika 4,700. Mwaka 1963 ilitoka pia Wagonaire, gari la familia lenye paa la nyuma la kusukuma, ili uweze kubeba jokofu limesimama wima. Wenye nalo walisifu wazo hilo, kisha mvua iliponyesha wakaloa.

Desemba 9, 1963 ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa, na kabla ya Krismasi kazi ilikuwa imekwisha. Uundaji uliendelea kwa kiasi kidogo mjini Hamilton, Kanada, hadi Machi 1966.

Kilichofuata South Bend ndicho kilichoibadilisha sheria ya Marekani. Tangu mwaka 1950 wafanyakazi walikuwa wameahidiwa pensheni. Kila mara mafao yalipoongezwa kwenye meza ya mazungumzo, fedha za kuyagharamia zilipangwa kuingizwa katika mfuko wa pensheni kidogo kidogo kwa miaka 30. Kiwanda kilipofungwa, mfuko ulikuwa na pengo kubwa. Wastaafu na waliokwisha kufika miaka 60, wapatao 3,600, walilipwa kikamilifu. Wengine wapatao 4,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59, ambao kwa wastani walikuwa wametumikia miaka 23, walipewa asilimia 15 tu ya stahili yao, mara moja, na mlango ukafungwa. Wapatao 2,900 waliobaki hawakupata chochote. Na kampuni haikuwa imefilisika! Ilibaki na biashara nyingine, ikiwemo ile ya vilainishi vya STP, na mwaka 1967 iliungana na kampuni ya Worthington. Sheria haikuvunjwa mahali popote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kampuni iliyowahi kutumia dola milioni moja kumfuata mteja mlangoni ilimwacha mtu wa miaka 59 aende na senti 15 kwa kila dola.

Seneta Vance Hartke wa Indiana alipeleka muswada wa kulinda pensheni mwaka 1964. Ilichukua miaka kumi ya mabishano, huku Seneta Jacob Javits wa New York akiwa mstari wa mbele, mpaka Septemba 2, 1974 Rais Gerald Ford alipotia saini sheria ya ERISA. Sheria hiyo iliwalazimisha waajiri kuweka fedha za kutosha mifukoni, iliweka kikomo cha miaka ambayo mfanyakazi anaweza kutumikia bila kupata haki isiyoondosheka, na iliunda shirika la bima la kulipa pensheni za kampuni zinazokufa. Mamilioni ya Wamarekani wanalindwa nayo, na wachache wanajua ilianzia wapi.

Wamiliki nao hawakuliacha jina. Chama cha madereva wa Studebaker kilianzishwa mwaka 1962, kiwanda kikiwa bado hai, na bado kinakutanisha wanachama kutoka nchi mbalimbali. Nathan Altman na Leo Newman, waliokuwa mawakala wa magari hayo South Bend, walinunua haki za Avanti, wakaendelea kuiunda kwa mkono tangu mwaka 1965. Jumba la makumbusho mjini humo lina gari la farasi alilopanda Abraham Lincoln usiku alipopigwa risasi, na magharibi ya mji, kwenye uwanja wa zamani wa majaribio, misonobari iliyopandwa mwishoni mwa miaka ya 1930 inaandika STUDEBAKER kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye ndege.

Umaskini wa miaka ya mwisho umewafaa wamiliki kwa namna ambayo wahasibu hawakuifikiria. Kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kubuni upya, misingi ya gari la 1953 iliendelea kutumika hadi 1966, hivyo spea nyingi za mwaka mmoja zinaingia katika gari la mwaka mwingine, na kiwanda kilipofungwa kiliacha maghala yaliyojaa. Anayetaka kununua moja leo asihangaike na injini, ambayo fundi yeyote makini ataimudu. Aanze na madigadi ya mbele na sakafu, apige magoti na kurunzi, na kama ni Wagonaire, amwombe muuzaji ndoo ya maji aimwagie juu ya paa.