Nusu ya Njia

Ewe msomaji, ukisimama katika stesheni ya Ruiru, kando ya reli iliyofika Thika mwaka 1913, waweza kujiuliza: dereva wa gari la moshi hukaa upande gani? Mataifa hayakupatana. Marekani alikaa kulia. Uingereza, kampuni ya Great Western ilimweka kulia, nyingine nyingi kushoto. Lakini popote alipokaa, shida ilikuwa moja. Litazame Mount Gelai, lililoundwa Manchester katika miaka ya 1950, sasa limo katika makumbusho ya reli Nairobi. Boila lake lina upana unaozidi mita 2, hali reli zake ziliachana mita 1 tu. Njia ilipopinda, boila lilimficha dereva ishara zilizo mbele. Hapo mchochea moto, upande wa pili, alizitazama na kumpazia sauti. Basi uhai wa abiria ulikuwa mikononi mwa wawili walioaminiana.