Njaa Iliyowaua Watoto wa Kombe

Mwaka 1879 William Brooks wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alichanganya mayai ya chaza na mbegu za dume katika chombo cha maji ya bahari. Viluwiluwi wakatoka, wakaogelea, na baada ya siku chache wakafa wote. Kwa miaka arobaini hivi waliomfuata walikwama hapohapo. Maji yasipobadilishwa huoza. Yakimwagwa, viluwiluwi nao humwagika, kwa kuwa ni wadogo kama vumbi.

Aliyefungua njia ni William Firth Wells wa New York. Mnamo 1920 alichukua mashine ya kutenganisha malai na maziwa, akaipitishia maji ya bahari. Maji machafu yakatoka, viluwiluwi wakabaki. Baada ya chaza, kombe nao wakafuata.

Kwangu mimi, lakini, sifa kubwa ni ya maabara ya Milford, Connecticut. Huko Victor Loosanoff, mhamiaji kutoka Urusi, na mwenzake Harry Davis hawakukubali kungoja kiangazi. Waliwatoa kombe baharini wakati wa baridi kali, wakawaongezea joto taratibu kwa majuma kadhaa hadi mayai yakakomaa. Kisha maji yakapashwa joto ghafla, mbegu za dume zikatiwa, na majike wakamwaga mayai kwa mamilioni.

Lakini hata katika maji safi, bila chakula wangekufa kwa njaa. Watoto hao wale nini? Davis alijaribu chakula hiki na kile. Kilichowafaa hasa ni mwani wa seli moja usio na ganda gumu, kama Isochrysis, ambao Mary Parke aliutenga katika kituo cha Port Erin, Isle of Man.

Mtazame kiluwiluwi aliyeshiba kwa hadubini. Siku ya pili ana magamba mawili yenye umbo la herufi D, maangavu kama kioo, na kati yake limechomoza tanga la vinyweleo linalopiga maji bila kupumzika. Tumbo lina rangi ya mwani aliomeza. Baada ya siku kumi hivi anaota mguu. Tanga linanyauka, anatambaa, anatoa uzi na kujifunga kwenye chembe ya mchanga. Hapo ana sehemu ya tano tu ya milimita.

Mwaka 1963 Loosanoff na Davis walichapisha njia zao zote. Wavuvi wa Cedar Key, Florida, walipokatazwa nyavu za jarife mwaka 1995, wengi walinunua vifaranga vya kombe vilivyozalishwa maabarani kwa njia hizo, wakavitia katika mifuko ya wavu na kuilaza chini ya bahari.